Mfasiri wa Filamu za Ayalandi

Mama yangu alizaa vijei, tena vijei mwenye jina, na hakuwahi kukanyaga kibanda changu hata siku moja. Vijei ni yule mtu anayekaa kando ya televisheni na maiki mkononi. Filamu inasema Kichina au Kiingereza, yeye anairudisha kwa Kiswahili ili watu waelewe. Mimi nilikuwa na kibanda cha mabati pale Base Camp, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na spika mbili zinazonifikia kidevuni, na sola mpya. Watoto walinifuata njiani wakiiga sauti yangu. Na kila Alhamisi mama alitoka shambani, akaoga, akafunga kikwembe chake cha kanisani, akapita mbele ya mlango wangu, akanisalimu vizuri kama jirani mwema, akaenda kwa Mfasiri, mzee mwenye kibanda kingine cha filamu.

Niseme mapema ili mtu asije akadhani ninamsifu tu: nilimwonea wivu yule mzee. Wala si ule wivu mdogo wa kusema mwenzangu Mungu kamkumbuka. Nilimwombea mvua. Alhamisi moja iliponyesha kweli nilifurahi, nikatoka nje nichungulie, kumbe watu wamejifunika magunia na mabeseni wanaenda kwake vilevile, na mama yangu yuko mbele amewaongoza.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuwa na kitu. Kibanda chake kilikuwa turubai juu ya miti, viti vya udongo uliokandwa, na televisheni ya zamani yenye mgongo mkubwa iliyokula betri ya gari. Maiki hakuwa nayo. Alisimama wima kando ya kioo, koti la kahawia, tai, na buti za mvua miguuni hata wakati wa jua, akasema kwa sauti ya chini, na watu waliotaka kusikia ilibidi wanyamaze. Kibanda cha filamu kimenyamaza! Kwangu mimi watu wakinyamaza ujue betri imekufa.

Filamu zake zote zilitoka Ayalandi. Alizipata kwa sista mmoja mzee wa huko, Mkatoliki, aliyekaa kwenye nyumba ya masista huko Kamukuzi mjini Mbarara. Mfasiri, shemasi wa Kiprotestanti asiyekubali hata kushika rozari ya mtu, alimfanyia kazi ya bustani miaka mingi. Sista alikuwa na ndugu yake aliyefanya kazi kwenye sinema huko kwao, na sinema ilipofungwa ndugu akamtumia sanduku la filamu ambazo hakuna aliyezitaka. Mvua ikizuia kazi ya bustani, sista alimwita aingie. Aliweka filamu, akaisimamisha baada ya kila sentensi, akamuuliza mtunza bustani wake wamesema nini. Akikosa, wanarudia. Akiongeza neno la kwake, sista alimgonga vidole na kijiko cha chai. Ndivyo alivyojifunza Kiingereza, na ndivyo alivyozijua zile filamu kumi na moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Sista alipozeeka na kurudishwa kwao alimwachia sanduku zima, akamwambia kwamba hata Ayalandi watu wameshazisahau, basi azitunze yeye.

Mimi sikuamini. Nilitafuta kwenye simu. Filamu zangu ukitaja jina tu, zinakuja picha mia. Za kwake nilipata moja, mstari mmoja, hakuna hata picha ya mwigizaji. Hapo ndipo roho iliponiuma kabisa. Sisi vijei wote wa Nakivale tulipakia flashi kwenye duka moja mjini, tukarudi na filamu zilezile, tukashindana kwa kelele. Yeye alikuwa na kitu ambacho duniani kote hakipakiwi.

Watu walizipa majina yao wenyewe. Kulikuwa na *Mayi mu Maziwa*. Kulikuwa na *Harusi ya Mvua*, ambapo bwana harusi anachelewa mpaka keki inaliwa na mbuzi. Kulikuwa na *Benye Kuchoma Budongo*, na hiyo ilileta maneno, kwa sababu ndani yake watu wanakata udongo mweusi bondeni, wanaukausha, wanaupikia chakula. Mzee mmoja alisimama akasema sasa Mfasiri ametuona wajinga. Mfasiri akajibu yeye hajasema kitu, ni filamu imesema. Wiki iliyofuata wanawake sita, mama yangu akiwa wa kwanza, walishuka ziwani wakachimba tope jeusi chini ya mafunjo, wakalianika kwenye mabati. Kuni za Nakivale tunazijua, unatembea nusu ya siku upate kifungu cha kuchemshia maji. Tope lilipokauka wakaliwasha. Lilitoa moshi siku nzima, jirani wote wakakohoa, lakini mwisho likashika, na maharagwe yakaiva. Mama alinibebea sahani mpaka kibandani, akanipa mlangoni, hakuingia, akaniambia nionje maharagwe ya Mfasiri. Yalinuka moshi. Nilikula yote kwa hasira.

Na namna yake ya kazi. Filamu ikifika mahali penye kesi, aliizima. Kweli, aliizima, akakaa chini, akatoa ugoro wake na kuvuta kidogo, kisha akasema barza imefunguliwa. Kwetu Kivu ya Kusini barza ni pale wakubwa wanapokaa kukata maneno ya kijiji, na wale watu wa kambini, ambao mashamba yao, ng'ombe wao na kesi zao zilibaki huko milimani, waliikata kesi ya Waayalandi kwa bidii zote. Katika *Mayi mu Maziwa*, wakulima wanapeleka maziwa kiwandani, mtu mmoja anaanza kuyatia maji, na binti yake anajua. Je, binti amseme baba yake? Wafugaji wetu waligombana juu ya jambo hilo wiki tatu, wengine hawakusalimiana. Mwishowe wakaamua binti akae kimya na baba alipe ndama. Mfasiri akawasha televisheni. Binti akaenda moja kwa moja akamsema baba mbele ya kanisa zima. Watu walishika vichwa. Wakatoka wakisema hao Waayalandi wana roho ngumu, lakini Alhamisi nyingine walikuwa hapohapo.

Nje ya turubai, mzee huyu alikuwa mwongo hodari. Ukimwuliza umri wake, leo ni sitini, kesho themanini, inategemea nani anabeba mzigo. Buti zile alisema alipewa na askofu, mara nyingine na jenerali. Aliahidi kuja kusali kwa mgonjwa, na mgonjwa akapona, akalima, akavuna, Mfasiri hajafika. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, ila yake haikuisha. Lakini msimamishe kando ya kioo mtu aseme neno mbele yake kwa lugha nyingine, basi neno hilo lilitoka kwake lilivyoingia. Mwigizaji akitukana, shemasi alitukana, mbele ya mke wa mchungaji, bila kupepesa, na mwigizaji akinyamaza, naye alinyamaza.

Mimi alinidharau, sitaficha. Alisema sisi vijei tunauza pilipili bila nyama. Nilimrudishia kwamba yeye anauza nyama bila chumvi, na watu wakacheka, upande wangu wakawa wengi. Nilikuwa na ushindi wangu pia. Mwaka mmoja tuliitwa wote wawili kwenye sherehe ya familia za askari karibu na Makenke, maana kule kambini kwao Kiswahili ndiyo lugha. Yeye alianza. Baada ya robo saa askari walikuwa wanasinzia. Nikaingia mimi na filamu ya vita, nikaipa kila bunduki jina la mke wa mtu, na watu wakaanguka chini kwa kicheko. Sajenti mmoja alinishika bega akaniambia, "Wewe iko kali sana. Ile mzee nalalisha sisi." Nilirudi Nakivale nimevimba. Nilimsimulia mama neno kwa neno, pamoja na kusinzia. Alikuwa anachambua mchele. Aliuliza kama Mfasiri alipata usafiri wa kurudi.

Kabla hajaugua, mara moja tu mama alinisikia nikitafsiri. Mfasiri alishikwa na malaria, watu wameshakaa, naye akatuma neno kwamba nimshikie siku ile, filamu ni *Mayi mu Maziwa*, wanaipenda, nisiiharibu. Mimi huyo! Niliiona njia yangu. Nilikuta mama kiti cha mbele, mikono mapajani. Nikasema leo atajua nani ni nani. Nilimpa mwenye maziwa sauti ya mlevi, binti nikampa sauti ya bata, ng'ombe nao wakazungumza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwa nasifiwa kwa vicheko, basi nilitia maji bila kupima. Watu walicheka mpaka machozi. Nilipoizima ili wafungue barza, hakuna aliyeanza. Kisha mfugaji mmoja mzee akauliza kwa upole, "Sasa ni nani alitiaka mayi mu maziwa?" Wengine walikuwa wanaiona kwa mara ya kwanza, na hawakujua. Nilikuwa nimeongeza mengi hivi kwamba kesi yenyewe haikuonekana. Watu wakaondoka mmoja mmoja. Nyumbani nilimngoja mama aseme kitu. Alikula, akanawa, akasema, "Ulichekesha batu," akaenda kulala.

Baadaye tumbo likaanza kumsumbua. Lilimsumbua muda mrefu, naye akalinyamazia, mpaka alipoanza kukonda ndipo nilipompeleka hospitali kubwa mjini Mbarara. Madaktari pale wanasema Kiingereza na Kinyankore, sisi hatuna hata kimoja cha kutosha kwa ugonjwa, isipokuwa mimi Kiingereza changu cha filamu. Vipimo vilipotoka, daktari, kijana mpole, alinitazama mimi akasema. Alisema kansa. Alisema imeshafika kwenye ini, hakuna cha kukata, watampa dawa za maumivu, na ahesabu miezi. Alisema kwa sentensi nne. Kisha akaningoja nimgeukie mama.

Nikamgeukia. Nilimwambia daktari anasema ni vidonda vya tumbo, vibaya kidogo lakini vya kawaida, atakunywa dawa hizi, asile pilipili, apumzike, na kufika mavuno atakuwa ameshika jembe kama zamani. Niliongeza kwamba daktari anamsifu ana mwili wa msichana. Nilisema vizuri. Nafikiri sijawahi kutafsiri vizuri kama siku ile, sauti haikutetemeka hata kidogo. Daktari alinitazama, maana maneno yake yalikuwa machache na yangu hayaishi. Mama alimtazama daktari usoni, akanitazama mimi, akasema asante kwa wote wawili.

Siku ya kurudi hospitali ilipokaribia nilishatafuta gari na kuwaambia wateja wangu kibanda hakitafunguliwa. Jioni mama akaniambia, "Kesho usisumbuke. Nitaenda na Mufasiri."

Nilikasirika, tena nilikasirika vibaya. Nilimwuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilimwambia yule mzee ni mwongo, kambi nzima inajua, hata umri wake hajui, na atamharibia dawa. Alisema ndiyo, yote hayo anayajua. Asubuhi nilisimama kibandani nikawaona wakipanda gari la Mbarara, yeye na koti lake na buti zake, amembebea mama mfuko. Aliufungua mlango wa mbele ili mama akae vizuri. Mimi siku yangu sikufikiria mlango wa mbele.

Walirudi jua likiwa bado juu. Mama alikuwa mtulivu, akanisalimu, akaniuliza kama nimekula. Nilimwuliza daktari amesemaje. Akasema amesema vilevile. Nilifurahi, jamani. Nilifikiri daktari ameingiwa na huruma, au Mfasiri mwenyewe mara hii ameogopa. Basi nikaendelea. Kila asubuhi nilimletea dawa nikamwambia mavuno yanakaribia, na kila asubuhi aliitikia, ndiyo, yanakaribia. Nilimchekesha. Nilimwekea filamu kwenye simu, nikamtafsiria peke yake kitandani, sauti zote, mlevi na bata, na alicheka hata pale kicheko kilipomuuma. Nilijisemea, sasa ananisikiliza mimi. Mzee yule hakuja kumwona, si Alhamisi wala siku nyingine, na niliona nimemshinda.

Tulipomzika, wanawake wa kwaya yake walikaa nami. Mmoja akaanza kunieleza wimbo gani mama alichagua uimbwe kaburini, na kikwembe gani avishwe, na nani apewe sufuria zake, akidhani ninajua. Alikuwa ameyapanga yote tangu wiki ile ile aliyotoka mjini na Mfasiri. Kwaya ilijua. Mchungaji alijua. Mfugaji yule mzee alijua. Mimi tu ndiye niliyekuwa napigiwa filamu, na mpigaji alikuwa mama yangu. Mfasiri alikuja mazikoni, akasimama nyuma, akanipa mkono, akaondoka. Sikumpa pole wala sikupokea yake.

Baada ya hapo binti yake alimchukua akakae naye Biharwe, njia ya Masaka. Turubai likavunjwa, viti vya udongo vikayeyuka na mvua. Nilibaki mimi peke yangu na spika zangu, na watu waliniambia sasa hakuna wa kushindana nami. Ilikuwa kweli, na haikunipa raha yoyote.

Mwaka ulipita kabla sijamfuata. Nilikwenda mjini kupakia filamu, nikajikuta nimepitiliza hadi Biharwe. Nilimkuta amekaa barazani kwa binti yake, amepungua, macho yamefunga ukungu. Alinitambua kwa sauti. Binti akatuletea chai akaingia ndani. Nilimwuliza habari za filamu, akasema sanduku liko chini ya kitanda, hazioni tena. Nikamwuliza za afya, akasema nzuri. Kisha nikakosa la kuuliza isipokuwa lile lililonileta.

"Mzee, siku ile mu hospitali. Mama alisema nini?"

Hakushangaa. Aliweka kikombe chini, akanyoosha mgongo, akakaa kama anavyosimama kando ya kioo.

"Aliuliza daktari ni miezi ngapi. Daktari akasema tatu, labda ine. Akasema, basi nitapanda maharagwe ya haraka. Akauliza kama maumivu itazidi. Daktari akasema itazidi, lakini dawa iko. Akasema asante. Tulipotoka alisikia njaa. Tukanunua ndizi ku mulango, tukakula pale chini ya kivuli. Akasema ndizi za mujini ni tamu kuliko zetu."

"Na juu yangu?"

"Hapana."

"Hata jina?"

Alifikiri. Nilimwona anairudia ile siku, sentensi kwa sentensi, anaitafuta.

"Hata jina."

Nilimshika mkono. Sijui kwa nini nilimshika, sikuwahi kumgusa zaidi ya salamu. Nilimwambia yeye ni mzee, mimi ni mtoto, na hapa hatuko mbele ya watu, wala hakuna filamu. Nilimwambia, "Baba, ongeza kidogo tu. Neno moja."

Kambi nzima ingekuambia kwamba mtu yule angeweza kunitungia hotuba pale pale, ya kunilaza miaka kumi.

"Siku ile nilikuwa mufasiri wake," alisema. "Siwezi."

Nilimaliza chai kwa sababu ilikuwa imemiminwa. Nikamuaga, nikamuaga binti yake, nikasimama barabarani kungoja gari la kurudi mjini, na wivu ulikuwa palepale, mkubwa kuliko siku zote. Mimi nililala chumba kimoja na mama miezi mitatu na nusu, nikamtafsiria filamu ishirini. Yeye alikula naye ndizi mchana mmoja, na ndiye aliyekaa naye kweli.